Masaa Kumi na Moja Angani

"Andika ni mimi," Sikujua alisema. "Andika, nitie dole gumba, nirudi kulala."

Inspekta Generosa aliiweka kalamu mezani. Katika miaka kumi na saba ya kazi alikuwa amewasikia watu wakikana huku kisu wanacho mkononi. Mtu anayelilia kesi ya mauaji kama anayelilia ubwabwa wa harusi hakuwahi kumwona mpaka Jumamosi hiyo asubuhi, ndani ya kituo kidogo cha Mwabulugu, nusu saa kwa pikipiki kutoka Rwamgasa.

"Onesmo ulimpiga wapi?"

"Kichwani."

"Upande gani?"

Sikujua alifikiri. "Wa kulia."

"Alichomwa shingoni, kwa nyuma. Mara moja."

"Basi nyuma. Nilikuwa na hasira, sikumbuki vizuri."

Koplo Edward, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa kuficha kicheko. Generosa hakucheka. Jumatatu asubuhi mchimbaji huyu wa miaka arobaini angepandishwa kizimbani Geita kwa kosa la kuua, na kwa jinsi alivyokuwa akijipalia makaa mwenyewe, asingechomoka.

Tena ushahidi ulikuwepo. Alhamisi, saa saba mchana, Onesmo, mwenye duara namba nne, shimo la kuchimbia dhahabu, alikutwa amekufa nyuma ya karasha lake la kusagia mawe, tindo la kupasulia mwamba limezama shingoni. Sikujua alikuwa amesimama juu ya maiti, mikono ina damu, anacheka. Tindo lenyewe lilizungushiwa kipande cha mpira mwekundu pale pa kushikia, na kila mchimbaji alilitambua: lilikuwa la Ngusa. Ngusa naye alikuwa amefia ndani ya duara hilohilo Jumapili iliyotangulia, na mwenzake aliyekuwa naye chini ni huyu Sikujua.

"Ulicheka nini?"

"Nilimgeuza nikaona ni kweli kafa. Nikafurahi." Sikujua aliinamia meza. "Afande, tulikuwa mita arobaini chini. Tumeikuta dhahabu. Onesmo akataka tutoke ili aingize watu wake, tukagoma. Akazima mashine ya hewa. Kwa mkono wake mwenyewe! Halafu akakaa pale juu anatafuna muwa. Ngusa alinisukuma nipande kwanza, nikapanda. Yeye hakuwahi. Nikaja hapa nikakwambia yote hayo, ukaandika ajali."

"Waliokuwa juu walikataa kutoa maelezo."

"Waliokuwa juu wanakula kwake. Sasa kafa, na kama kuna mtu wa kunyongwa kwa ajili hiyo, heshima hiyo nipe mimi."

Maneno hayo yalimchoma Generosa. Neno ajali alikuwa ameliandika yeye, kwa kalamu hiyohiyo iliyokuwa mezani, na tangu hapo lilimkaa kooni kama mwiba wa sato. Alimchukia Onesmo akiwa hai na hakumwonea huruma akiwa maiti. Lakini kumtoa Sikujua kafara kwa kosa lisilo lake, huko kungekuwa kuandika uongo mara ya pili, na safari hii kwa makusudi.

"Tindo ulilipata wapi?"

"Lilikuwa shimoni."

"Ulipanda nalo?"

"Nilipanda na roho yangu tu." Alikwishasema ndipo akagundua. "Nilirudi kulichukua baadaye."

"Vifaa vya Ngusa walivitoa waokoaji pamoja na mwili. Walivipeleka wapi?"

Sikujua alifunga mdomo. Hakuufungua tena, hata alipopelekewa chai.

Misiba ya huku ina kamati, kamati ina katibu, na katibu huandika kila kitu mpaka mbuzi aliyekohoa. Katibu wa msiba wa Ngusa alikuwa Katekista Marcel, mzee mwembamba mwenye mwandiko wa kupendeza. Generosa alimkuta nyumbani kwake akikunja turubai lililotumika mazikoni jana yake.

"Shikamoo, katekista."

"Marahaba, mwanangu. Daftari hilo hapo. Sina la kuficha."

Generosa alipitisha kidole kwenye mistari. Alisimama kwenye ukurasa wa Jumanne, akasoma kwa sauti ili Koplo Edward asikie: "Saa tano asubuhi. Vifaa vya marehemu vimekabidhiwa kwa mama mzazi. Kofia, tochi, nyundo, na tindo lenye mpira mwekundu."

"Nilikabidhi mimi," Marcel alisema. "Mama Maduhu akavifungia chumbani kwake."

"Sikujua alifika msibani?"

"Thubutu! Mama alikataa. Alisema aliyepanda akamwacha mwenzake chini asimkanyagie ua. Tukamzuia njiani, maskini, akarudi analia."

Edward alipiga mluzi. Tindo lililomuua Onesmo Alhamisi lilikuwa limefungiwa chumbani kwa mama wa Ngusa tangu Jumanne, na mtu pekee aliyeshikwa kwa ajili yake ndiye aliyekatazwa hata kuuvuka ua huo.

Generosa aliendelea kufunua. Jumatano: mazishi yameahirishwa hadi Ijumaa, anasubiriwa Maduhu, kaka wa marehemu, atokea China. Alhamisi, saa nne na robo asubuhi: Maduhu amepiga simu, anapanda ndege Guangzhou, imetangazwa. Alhamisi, saa kumi kamili jioni: Maduhu amewasili, vilio.

Aliirudia mistari miwili ya mwisho.

"Hii simu uliisikia mwenyewe?"

"Watu mia tuliisikia. Mama yake aliweka sauti kubwa. Kijana akasema, mama, ndiyo naingia kwenye ndege hapa Guangzhou, msinizikie mdogo wangu. Nikachukua spika nikatangaza kwamba mtoto wetu yuko angani. Wanawake walilia sana."

"Na saa kumi akafika."

"Saa kumi. Na begi lake lina vile vikaratasi vya uwanja wa ndege."

"Katekista, haikukushangaza?"

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Inishangaze kwa nini? Nilipiga hesabu. Mimi kwenda Dar kwa basi, masaa kumi na nane. Binti yangu alikwenda kwa ndege kutoka Mwanza, saa moja na nusu. Sasa China nikaipa mara nne ya Dar. Ikaja masaa sita. Kijana alitumia sita kasoro robo, nikasema rubani kajitahidi."

Koplo Edward alitikisa kichwa kukubaliana na hesabu hiyo. Generosa naye hakuweza kuikosoa, maana mwenyewe hakuwahi kupanda ndege. Kwao Ushirombo watu hupima safari kwa kukaa kitini mpaka miguu ivimbe. Kitu kinachokufikisha Dar kabla njaa haijakuuma, utakikadiriaje? Lakini jambo moja lilimkwaruza. Kutoka uwanja wa Mwanza hadi Mwabulugu, hata sasa ambapo kuna daraja na hakuna kusubiri pantoni Busisi, ni mwendo wa saa mbili na nusu. Ukizitoa hizo, China ilikuwa imesogea mpaka saa tatu na kidogo.

"Twende Katoro," alimwambia Edward.

Asteria aliuza tiketi za ndege katika chumba kilichobanwa na duka la vipuri vya pikipiki upande mmoja na kinyozi upande wa pili. Wateja wake walikuwa wanunuzi wa dhahabu, watu wasiopenda kusubiri, na yeye alikuwa na ulimi wa kuwamudu. Alisikiliza swali mpaka mwisho, kisha akacheka akashika kiuno.

"Masaa sita kutoka Guangzhou? Kapanda ungo?"

"Nieleze kama mtu asiyejua," Generosa alisema.

"Sikiliza, afande. Kutoka kule mpaka Mwanza, kwa mstari ulionyooka, kilomita zinapita elfu tisa. Ndege kubwa inakwenda mia nane na hamsini, mia tisa kwa saa. Ile inayokuja moja kwa moja mpaka Dar inakaa masaa kumi na moja angani. Kumi na moja, watu wanakula mara mbili na kulala katikati. Akishuka Dar ana foleni ya pasipoti, ana mizigo, anasubiri ndege ya Mwanza. Mpe masaa mawili kama ana bahati. Saa moja na nusu mpaka Mwanza, na barabara mpaka kwenu huko."

Generosa alikuwa akijumlisha pembeni ya gazeti. "Kumi na saba."

"Na hapo hakuna kilichochelewa."

"Kwa hiyo ili mtu afike Mwabulugu Alhamisi saa kumi jioni..."

"Awe ameruka kule Jumatano usiku, kwa saa zetu kama saa tano. Alhamisi saa nne na robo asubuhi alikuwa anashuka ngazi Dar, kama kweli alikuja siku hiyo. China hakuwepo. Labda awe na pacha." Asteria alikunja uso. "Subiri. Unamsema Maduhu? Mrefu, wa mizigo ya kontena? Jana asubuhi na mapema alikuwa hapa. Kanunua tiketi ya kurudi."

"Jana? Kabla hajamzika mdogo wake?"

"Nilimpa pole, akaniambia haraka dada. Anaondoka Mwanza leo, saa kumi na mbili jioni. Kesho anaruka kutoka Dar."

Edward alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Kuwahi ndege hiyo, Maduhu alitakiwa kuondoka nyumbani saa nane na nusu, si zaidi. Akishafika China ingebaki kuandikiana barua miaka kumi, na Jumatatu Sikujua angekuwa kizimbani anawashukuru.

"Njia ya mwongo fupi," Asteria alisema. "Huyu kaifupisha mno."

Teksi ilikuwa imesimama uani, buti wazi, walipofika kwa Mama Maduhu. Wanawake watano wa matanga walikuwa wamekaa kwenye mkeka, vichwa vimenyolewa. Katikati yao alikuwa Mama Maduhu mwenyewe, jina lake Mbuke, mzazi wa Maduhu na marehemu Ngusa, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mabega mapana ya mtu aliyelima maisha yake yote. Maduhu alisimama karibu na begi lake, shati jeupe limenyooshwa.

"Shikamoo, mayu," Generosa alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma. "Pole na msiba."

"Marahaba."

"Na wewe, kaka, pole. Pole na safari pia. Ulitumia masaa mangapi?"

"Mengi, afande. Nimechoka, na ndiyo naanza tena." Maduhu alitabasamu kidogo. "Samahani, nina ndege."

"Ndiyo nimekuja kwa hiyo ndege. Alhamisi saa nne na robo ulimwambia mama unapanda Guangzhou. Saa kumi ulikuwa hapa. Watu wa ndege wanasema safari hiyo ni masaa kumi na saba. Wewe umetumia matano na dakika arobaini na tano."

Tabasamu liliondoka, lakini sauti haikutikisika. "Sawa. Nilidanganya. Nilikuwa Dar, nimekwama, ndege ya Mwanza imejaa. Ningemwambia mama nimekwama angehangaika. Ni kosa?"

"Si kosa. Ulikwama tangu lini?"

"Usiku wa kuamkia siku hiyo."

"Naomba pasipoti."

Alisita. Koplo Edward alikwishasogea akafunga buti la teksi, akaliegemea. Maduhu alitoa pasipoti mfuko wa shati. Generosa alifunua kurasa mpaka akaufikia muhuri wa kuingia nchini, akausoma mara mbili, kisha akamgeuzia mwenyewe auone.

"Jumanne," alisema. "Umeingia Dar Jumanne. Mdogo wako yuko mochwari Geita, mama yako anaahirisha mazishi kwa ajili yako, na wewe uko ndani ya nchi siku tatu unasubiri kiti? Mabasi yalikuwa yamegoma?"

Maduhu aligeuza macho kwa mama yake.

"Mayu," Generosa alimgeukia mama, "Jumanne ulikabidhiwa vifaa vya Ngusa. Naomba nivione."

Wanawake wa matanga walitazamana. Mbuke aliinuka taratibu, akaingia ndani. Alirudi na kofia ya shimoni, tochi, na nyundo. Aliviweka chini mbele ya miguu ya Generosa, kimoja kimoja, kisha akanyoosha mgongo.

"Na tindo?"

"Tindo mnalo ninyi kituoni," Mbuke alisema.

"Mama!" Maduhu alipiga kelele. "Afande, mama hajui kitu. Nililichukua mwenyewe, nilikuja Jumatano alfajiri, nikaliiba..."

"Nyamaza, ng'wanone, mwanangu. Nilikupa mimi, kwa mkono huu." Mbuke hakuwa analia. Alimtazama Generosa kama mtu anayemtazama mdaiwa wake wa siku nyingi. "Wewe ndiwe uliyeandika ajali. Nilikuja kituoni Jumapili jioni, nikapiga magoti, ukaniambia hakuna shahidi. Nikarudi hapa nikamwambia huyu kwa simu: njoo, lakini usije nyumbani. Mdogo wako hashuki kaburini Onesmo akiwa anatembea juu yake. Watu wote hawa walidhani nasubiri ndege. Mimi nilikuwa nasubiri habari."

Mmoja wa wanawake alijifunika uso kwa kitenge.

"Maduhu angekuja kesho yake, Ijumaa, nisingekuwa na kitu," Generosa alisema. "Ingewezekana kabisa kuwa amesafiri. Kwa nini alikuja jioni ileile?"

"Nilimwita. Nilitaka anisimulie mwenyewe. Nilitaka nijue kama Onesmo alilijua lile tindo." Midomo ya Mbuke ilikaza. "Alilijua. Huyu alimwonyesha kwanza."

Generosa alijikuta anauelewa mpaka mwisho ule utamu aliousikia katika sauti ya mama huyo, na akajichukia kwa kuuelewa. Hakuomba msamaha. Angeomba kwa maneno gani? Alitoa pingu, akamfunga Maduhu, akamsomea kosa lake mbele ya watu, akamwambia Mbuke asiondoke kijijini, angerudi kumhoji. Kisha alipiga simu kituoni akaamuru Sikujua afunguliwe. Askari wa zamu alirudi kwenye simu baada ya dakika mbili akasema mahabusu anakataa kutoka, anatukana, anasema Inspekta kamdhulumu.

"Mbebeni mkamweke nje," Generosa alisema, akakata.

Maduhu aliingizwa kiti cha nyuma cha gari la polisi. Mbuke alisogea dirishani, akamfuta jasho la uso kwa ncha ya khanga. Edward, mtu wa moyo mwepesi asiyeweza kuvumilia kimya, alijisemea tu ili pasiwe kimya.

"Na wale kwa Onesmo nao bado hawajazika. Wameahirisha mpaka Jumatatu."

"Kwa nini?" Mbuke aliuliza.

"Wanamsubiri kijana wake, yule mkubwa anayefanya kazi Johanesibagi. Jana asubuhi kamati yao ilitangaza kwa spika yuko angani."

"Hajafika?"

"Nimepita pale leo. Bado."

Maduhu aligeuka ghafla kitini, pingu zikagonga mlango. Kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulikuwa na hofu.

"Johanesibagi ni masaa matatu na nusu mpaka Dar," alisema. "Inspekta, unanisikia? Matatu na nusu tu. Jana asubuhi! Atakuwa ameshaingia, kajificha kama nilivyojificha mimi, na lile tindo kila mtu anajua ni la kwetu. Mchukue na mama. Nakuomba, mfunge pingu, mweke humu ndani na mimi."

Generosa alikwishaushika mkono wa Mbuke kumvuta garini. Mama huyo alijichomoa, akarudi mpaka penye mkeka, akawaambia wanawake wenzake wanyanyuke waende makwao. Walipoondoka alivuta kigoda, akakiweka katikati ya ua ulio wazi, akakaa uso ameuelekeza barabarani.

"Aje," alisema. "Mimi wangu nimeshamzika."